Kipepeo Mwenye Nguo za Kuazima

Watu wengi wakisikia neno historia hufikiri habari za wafalme, vita, majahazi na miji. Ni kweli kwamba habari hizo ndizo zinazojaza vitabu vingi. Lakini viumbe vidogo navyo vina historia yao, na pengine historia ya kiumbe kidogo huwafundisha wanadamu jambo ambalo wafalme wote hawakuweza kuwafundisha. Habari tutakayoisoma hapa ni ya kipepeo mmoja wa misitu ya Afrika. Wataalamu walibishana juu yake kwa muda wa miaka mingi. Aliyekuwa na haki alifanyiwa mzaha. Na mwisho wake, kwa njia ambayo hakuna aliyeitazamia, elimu iliyotokana naye ikasaidia kuokoa maisha ya watoto wachanga katika nchi zilizo mbali sana na misitu hiyo.

Jina lake la kitaalamu ni Papilio dardanus. Katika insha hii tutamwita kipepeo mwigaji, na sababu ya jina hilo itaonekana baadaye. Makao yake ni misitu na vichaka vya miti katika sehemu kubwa ya Afrika iliyo kusini ya Sahara, kutoka Afrika ya Magharibi mpaka pwani yetu ya mashariki, na kusini hata Rasi. Ndugu zake wanapatikana pia Ethiopia, na katika visiwa vya Komoro na Madagaska, kisiwa ambacho wazee wetu walikiita Bukini. Hapa Kenya anaonekana katika msitu wa Kakamega, katika misitu ya nyanda za juu za kati, na katika misitu ya pwani kama Shimba Hills na Arabuko-Sokoke.

Kabla ya kueleza ubishi wa wataalamu, yafaa kwanza tuyajue maisha ya kipepeo mwenyewe, kwa sababu ubishi wote ulikatwa na mayai na viwavi, si kwa maneno.

Jike hutaga mayai yake moja moja, wala hayarundiki mahali pamoja. Huruka polepole kivulini, akigusa jani hili na lile kwa miguu yake mpaka apate mti anaoutaka. Miti hiyo ni ya jamii moja na milimau na michungwa, nayo ina harufu kali ya mafuta majani yake yakipondwa. Yai lenyewe ni la mviringo, lenye rangi ya manjano hafifu, na ukubwa wake ni mfano wa punje ya ulezi. Baada ya wiki moja hivi yai hupasuka na kiwavi mdogo hutoka. Chakula chake cha kwanza ni ganda la yai alilotoka; kisha huanza kula majani.

Kiwavi huyo hana mwiba wala sumu kali ya kumlinda, na ndege wengi humtafuta. Kwa hiyo anapokuwa mdogo ana rangi ya kahawia yenye baka jeupe, hata mtu akimwona juu ya jani hudhani ni kinyesi cha ndege. Ngozi yake haikui pamoja naye, bali yeye huivua kila inapombana na kubaki na nyingine mpya iliyokwisha kuwa tayari chini yake. Akisha kuwa mkubwa huwa kijani kama jani analolila. Na kama adui akimgusa, hutoa ghafula nyuma ya kichwa chake kitu laini chenye panda mbili, nacho hutoa harufu mbaya. Chungu na nyigu wadogo hukimbia harufu hiyo.

Baada ya muda wa mwezi mmoja hivi kiwavi huacha kula. Hutafuta mahali pa kujishikiza, akafunga mkia wake kwa uzi wa hariri autoao kinywani mwake, kisha akajizungushia uzi mwingine kiunoni kama mkwezi wa minazi anavyojifunga kamba. Huvua ngozi kwa mara ya mwisho, na sasa huwa pupa, kitu kisichokula wala kutembea, chenye umbo bapa na rangi ya kijani kama jani lililojikunja. Ndani ya pupa huyo mwili wa kiwavi huvunjwa karibu wote na kujengwa upya. Wiki mbili au tatu zikipita, au zaidi kukiwa na baridi, pupa hupasuka na kipepeo hutoka, mabawa yake yakiwa yamekunjamana na kulowa kama kitambaa kilichotoka majini. Huning'inia chini ya kijiti, akayajaza mabawa maji ya mwili wake mpaka yakanyooka na kukauka. Kisha huruka.

Mpaka hapa hakuna jambo ambalo halionekani kwa vipepeo wengine wengi. Ajabu huanza tunapowatazama wale waliotoka. Madume wote hufanana: mabawa ni ya manjano hafifu yenye mapambo meusi, na kila bawa la nyuma lina mkia mwembamba. Lakini majike wa bara hawafanani na madume hata kidogo. Kwa kawaida hawana mikia, wala hawana rangi ile ya manjano. Tena wenyewe kwa wenyewe hawafanani: mmoja ni mweusi na mweupe, mwingine ana rangi ya chungwa na ncha nyeusi za mabawa, mwingine ni mweusi mwenye madoa madogo. Mtu asiyejua, akionyeshwa dume mmoja na majike watatu, angeapa kwamba ameonyeshwa aina nne za vipepeo.

Na hivyo ndivyo wataalamu wa Ulaya walivyoapa. Katika karne ya 18 mabaharia na wafanya biashara walikuwa wakirudi kutoka Afrika na masanduku ya wadudu waliokauka. Mwaka 1776 Mwingereza Peter Brown aliandika habari za dume na kumpa jina la dardanus. Mwaka uliofuata Mholanzi Pieter Cramer akampa dume jina jingine, merope. Majike nao, walipofika Ulaya, kila mmoja alipewa jina lake kana kwamba ni aina ya pekee. Yule mwenye madoa madogo aliitwa cenea, yule mweusi na mweupe akaitwa hippocoon, na yule wa rangi ya chungwa akaitwa trophonius. Walioandika majina hayo hawakuwa wapumbavu. Walikuwa na mabawa makavu mezani, wala hawakuwa na msitu mbele yao. Usilolijua ni usiku wa giza, na usiku huo ulidumu kwa muda wa miaka karibu mia moja.

Mwanga wa kwanza haukutoka Afrika bali Amerika ya Kusini. Henry Walter Bates, Mwingereza aliyeanza maisha yake kama mwanafunzi wa kazi kwa mfanya biashara wa soksi, alikaa katika msitu wa mto Amazon tangu 1848 hata 1859. Huko aliona jambo la kushangaza. Walikuwapo vipepeo wenye rangi zilizo wazi ambao waliruka polepole bila hofu, na ndege hawakuwasumbua, kwa kuwa miili yao ilikuwa na ladha mbaya. Katikati yao walikuwapo wengine wachache, wa jamii nyingine kabisa, ambao walivaa rangi zile zile na kuruka mwendo ule ule. Bates alieleza maana yake katika maandishi yaliyotolewa mwaka 1862. Ndege akila kipepeo mwenye ladha mbaya mara moja au mbili hujifunza kuziogopa rangi zake. Basi kipepeo mwenye ladha nzuri ambaye kwa bahati anafanana kidogo na yule mbaya huachwa, akazaa. Na asiyefanana huliwa. Vizazi vingi vikipita, mfanano ule huzidi kukamilika. Bates hakusema kwamba kipepeo ana nia ya kudanganya. Kipepeo hajui neno. Anayechagua ni mdomo wa ndege.

Wahenga wetu walisema kwamba nguo ya kuazima haisitiri maungo. Katika msitu methali hiyo imepinduka, maana wapo wanaositiriwa na nguo za kuazima maisha yao yote. Kwa hiyo tuwaite wale wenye ladha mbaya wenye nguo, na wale wanaowaiga waazimaji.

Maneno ya Bates yalisomwa na kijana mmoja aliyeitwa Roland Trimen, mzaliwa wa London aliyehamia Koloni ya Rasi na kufanya kazi katika ofisi za serikali. Baadaye alikuja kuwa msimamizi wa jumba la makumbusho la Cape Town. Trimen aliwapenda vipepeo, na jambo lililomtofautisha na wataalamu wengi wa Ulaya ni kwamba aliwaona wakiruka. Alipopanga vielelezo vya bara la Afrika alitambua mambo mawili. La kwanza, kila merope aliyemchunguza alikuwa dume, na kila cenea, kila hippocoon na kila trophonius alikuwa jike. Je, yawezekanaje aina moja iwe na madume peke yake, na aina tatu ziwe na majike peke yao? La pili, kila mmoja wa majike hao alifanana na kipepeo mwingine mwenye ladha mbaya aliyekaa mahali pale pale. Trophonius alimwiga yule kipepeo wa rangi ya chungwa tunayemwona kila siku mashambani, ambaye viwavi wake hula mimea yenye utomvu mweupe wa sumu. Hippocoon na cenea waliwaiga vipepeo weusi wenye mabaka au madoa, ambao pia ndege huwaepuka.

Mwaka 1869 Trimen alitoa maandishi yake katika jarida la chama cha Linnean cha London. Alisema wazi kwamba majina yote manne ni ya kipepeo mmoja: baba mmoja, na wake wa sura tatu, kila mke akiwa amevaa nguo za jirani tofauti.

Wengi hawakuamini. Mpinzani wake mkubwa alikuwa William Chapman Hewitson, Mwingereza tajiri aliyekuwa na mkusanyo mkubwa sana wa vipepeo, ambaye macho yake yalikuwa yameona aina nyingi kuliko watu wengi wa zama zake. Hewitson aliifanyia mzaha habari ya dume mmoja mwenye nyumba ya wake wasiofanana. Lakini hakufanya mzaha tu, alileta na hoja, nayo haikuwa hoja dhaifu. Huko Madagaska, alisema, yuko kipepeo kama merope, na jike wake anafanana naye kabisa, rangi kwa rangi na mkia kwa mkia. Ikiwa kisiwani jike ni sawa na dume, mtu mwenye akili awezaje kusadiki kwamba ng'ambo ya mlango wa bahari jike wa kipepeo yule yule amegeuka kuwa watu watatu wengine?

Hapa msomaji na asimame kidogo ajiulize, kama angalikuwako siku zile angalimfuata nani. Mmoja alikuwa mtu maarufu mwenye mali na hoja nzuri. Mwingine karani katika koloni ya mbali. Ni rahisi leo kumcheka Hewitson kwa kuwa tunajua mwisho wa hadithi. Siku ile hakuna aliyeujua, na hakuna njia ya kuumaliza ubishi kwa kupanga maneno.

Njia ilikuwa moja: kufuga. Mwanzoni mwa miaka ya 1870, katika sehemu ya mashariki ya Koloni ya Rasi, J. P. Mansel Weale aliwakusanya viwavi waliofanana kabisa, akawalisha mpaka wakawa pupa, akangoja. Pupa walipopasuka, katika viwavi wale wa namna moja walitoka madume wa merope na majike wa cenea. Kisha, mwaka 1874, Hewitson mwenyewe alipata habari kutoka kwa mtu aliyemtuma kukusanya wadudu katika kisiwa cha Fernando Po, ambacho siku hizi huitwa Bioko. Mtu huyo, jina lake Rogers, alimpelekea vipepeo wawili waliokamatwa wakiwa wameungana: dume alikuwa merope, na jike alikuwa hippocoon. Hewitson alilitangaza jambo hilo katika gazeti la wataalamu, ingawa lilikuwa chungu kwake. Tumpe sifa yake: mtu aliyeshindwa na ushahidi wa mtumishi wake mwenyewe angaliweza kuuficha sandukuni, na hakuna ambaye angalijua.

Tena hoja yake ya Madagaska haikupotea bure. Iligeuka ikawa ufunguo. Wataalamu walitambua kwamba jike wa kisiwani, anayefanana na dume, pengine anatuonyesha nguo za kale ambazo majike wote walizivaa kabla ya kuanza kuazima. Na Ethiopia wako majike wa namna zote: wengi wanafanana na dume, na wachache wamevaa rangi za kuazima lakini wangali na mikia yao, mithili ya mtu aliyebadili kanzu akasahau kuvua kilemba.

Sasa likazuka swali gumu zaidi. Katika miaka ya kwanza ya karne ya 20, huko Durban, G. F. Leigh alifuga mayai ya jike mmoja mmoja, na Profesa Edward Poulton wa Oxford akaandika matokeo yake. Ilionekana kwamba mama mmoja huweza kuzaa binti wa sura mbalimbali, na baadhi yao wasifanane naye. Je, kipepeo hurithije nguo? Na kwa nini binti anayetoka katika yai hili awe mweusi na mweupe, na ndugu yake wa tumbo moja awe wa rangi ya chungwa, wala wasichanganyike wakawa na rangi ya katikati?

Sehemu moja ya jibu ilitoka kwetu. Vipepeo walikusanywa kwa wingi Entebbe nchini Uganda na katika viunga vya Nairobi, ambako Dk. V. G. L. van Someren, aliyeishi Ngong, alikuwa akiwafuga. E. B. Ford wa Oxford alizitumia hesabu hizo katika maandishi yake ya mwaka 1936. Entebbe wenye nguo walikuwa wengi sana kupita waazimaji, na majike wenye sura isiyokamilika walikuwa karibu 4 katika kila 100. Nairobi, ambako wenye nguo walikuwa wachache, majike wa sura isiyokamilika walikaribia thuluthi moja. Maana yake ni wazi. Mahali penye wenye nguo wengi, ndege hufundishwa kila siku, na jike anayekosea mavazi kidogo huliwa. Mahali pasipo wenye nguo, ndege hajui cha kuogopa; hivyo mfanano hauna faida, nao huharibika. Uongo hauwezi kudumu pasipo ukweli wa kuuiga.

Sehemu ya pili ya jibu ilitafutwa na daktari wa hospitali. Cyril Clarke alikuwa tabibu mjini Liverpool, naye alifuga vipepeo nyumbani kwa burudani yake. Katika miaka ya 1950 alijifunza kuwaunganisha dume na jike kwa mkono, akiwashika mmoja katika kila mkono mpaka wakubaliane. Na kwa njia hiyo aliweza kuamua mwenyewe nani amwoe nani. Alishirikiana na Philip Sheppard, mtaalamu wa elimu ya urithi, na kuanzia mwaka 1959 walitoa matokeo ya kazi yao juu ya kipepeo mwigaji. Walipata vipepeo kutoka sehemu nyingi za Afrika. Waligundua kwamba sura ya jike hutawaliwa na sehemu moja ndogo ya urithi, mfano wa swichi moja inayowasha taa nyingi kwa pamoja. Dume naye anayo swichi hiyo na kuwarithisha binti zake, ila kwake yeye haiwashi kitu. Tena walipowaoza vipepeo wa nchi zilizo mbalimbali, ambao mababu zao hawakuishi pamoja, binti mara nyingi walitoka na sura zilizovurugika. Kumbe swichi peke yake haitoshi. Katika kila nchi urithi mwingine mdogo mdogo umesaidia kuishona nguo ile ikae vizuri.

Clarke na Sheppard walidhani kwamba swichi ile ni fungu la jeni kadhaa zilizokaa karibu karibu sana hata zinarithiwa kama kitu kimoja. Wazo hilo liliwakumbusha jambo jingine, lililokuwa mbali na msitu lakini karibu sana na kazi ya Clarke: damu ya binadamu. Wakati huo wataalamu wengine walikuwa wakieleza urithi wa damu ya Rhesus kwa njia kama hiyo hiyo. Basi daktari wa vipepeo akaanza kuifikiri Rhesus.

Yafaa tueleze shida yenyewe. Watu wengi wana kitu fulani katika chembe nyekundu za damu, nao huitwa wenye Rhesus, wengine hawana. Ikiwa mama hana na mtoto tumboni amerithi kwa babaye, basi wakati wa kuzaa damu kidogo ya mtoto huweza kuingia katika damu ya mama. Mwili wa mama huiona ni adui, ukatengeneza kingamwili za kuiharibu. Mtoto huyo wa kwanza kwa kawaida huokoka. Lakini mtoto wa pili au wa tatu mwenye Rhesus akitungwa, kingamwili zile humfuata mpaka tumboni na kuzivunja chembe za damu yake. Wengine walizaliwa wamekufa. Wengine walizaliwa na umanjano mkali ulioharibu ubongo. Wazazi walizika mtoto baada ya mtoto bila kujua kosa lao, maana hawakuwa na kosa.

Katika mwaka 1960 na miaka iliyofuata Clarke, Sheppard, kijana Ronald Finn na wenzao wa Liverpool walilifanyia kazi wazo ambalo mwanzoni lilionekana kinyume cha akili: kumdunga mama, mara baada ya kuzaa, sindano ya kingamwili zile zile zinazoogopwa. Kingamwili hizo za kuazima huziondoa chembe za mtoto katika damu ya mama kabla mwili wake haujapata nafasi ya kuzitambua na kujifunza kuzichukia. Wataalamu wengine huko New York walifikia wazo kama hilo kwa njia yao wenyewe. Majaribio yalifaulu pande zote mbili za bahari, na kufikia mwisho wa miaka ya 1960 sindano hiyo ilianza kutumika. Mwaka 1980 Clarke na Finn, pamoja na Freda, Gorman na Pollack wa upande wa Marekani, walipewa kwa pamoja tuzo ya Lasker, iliyo kubwa katika elimu ya tiba. Leo, mahali popote ambapo mama asiye na Rhesus hupimwa damu na kupewa sindano hiyo kwa wakati wake, hatari ile ya zamani imekuwa ndogo sana.

Tusitie chumvi. Kipepeo hakugundua dawa. Waliogundua ni watu, kwa kazi ndefu. Lakini kama Clarke asingalifuga vipepeo, asingalikutana na Sheppard. Na kama asingalikutana naye, huenda fikira zake zisingaligeukia Rhesus kabisa. Mtu aliyemwona tabibu yule akishika vipepeo wawili vidoleni angeweza kusema anapoteza wakati. Ni vigumu sana kujua mapema ni elimu ipi isiyo na faida.

Nao utafiti juu ya kipepeo mwenyewe haukukoma. Wataalamu wa karne hii, wenye vyombo vya kusoma urithi herufi kwa herufi, wameitafuta swichi ya Clarke na Sheppard, na kufikia mwaka 2014 walikuwa wameionyesha katika sehemu ndogo yenye jeni mbili zilizo jirani, ziitwazo engrailed na invected. Jeni hizo zinajulikana sana kwa wadudu wengine, kwa kuwa hushiriki katika kuupanga mwili tangu mdudu akiwa ndani ya yai. Katika kipepeo mwigaji, kazi ya kale imepewa matumizi mapya.

Limebaki jambo moja, nalo linatuhusu sisi zaidi ya watu wa Liverpool au Oxford. Kipepeo mwigaji si haba. Anavumilia, na hata katika bustani zenye miti mingi huonekana. Lakini historia hii yote imesimama juu ya msitu. Mwazimaji anamhitaji mwenye nguo. Mwenye nguo anahitaji mimea yake yenye sumu. Kiwavi anahitaji mti wake wa kivulini. Na ndege anayewafundisha wote naye anahitaji mahali pa kujenga kiota. Ukikata kimoja, hukukata kimoja. Hesabu za Nairobi na Entebbe zilituonyesha mapema jinsi kazi nzuri ya vizazi vingi inavyoanza kufumuka pale jirani mmoja tu anapopungua. Misitu yetu ya Kakamega na ya pwani ni mabaki ya misitu iliyokuwa mikubwa zaidi, na kila shoka linaloingia ndani yake hukata pia kurasa ambazo bado hazijasomwa.

Hata hivyo wako watu walioona kwamba msitu unaweza kulisha bila kukatwa. Mwaka 1993 ulianzishwa karibu na Gede, kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, mradi uitwao Kipepeo. Wakulima wa vijiji vya jirani huwafuga viwavi wa vipepeo wa msituni, na pupa husafirishwa ng'ambo kwa ajili ya nyumba za maonyesho ya vipepeo. Mkulima anayepata karo ya mwanawe kutoka kwa pupa huwa na sababu ya kuulinda mti ambao zamani aliuona kuwa kuni tu.

Tumeona, basi, kwamba ukweli juu ya kipepeo huyu haukujulikana kwa kumtazama mara moja, wala kwa sifa za mtu aliyesema. Ulijulikana na watu waliokubali kumlisha kiwavi majani kila siku na kungoja. Kazi hiyo haihitaji mali. Mwanafunzi yeyote mwenye chupa pana, majani mabichi na subira ya miezi miwili anaweza kuianza, naye asishangae ikiwa kitakachotoka katika pupa hakifanani na kile alichokitazamia.